Nusu Kilo ya Udongo wa Nyuma ya Choo

Nitaanza na kosa langu, maana wapo watakaosema nimelificha. Udongo ule niliushauri mimi. Wakulima arobaini na mmoja wa kitongoji chetu, huku juu ya Kinole, walikwenda kuchimba nusu kilo nusu kilo nyuma ya choo cha shule ya msingi kwa sababu mimi, Abdulmajid, ambaye watu wananiita Mzee Pinga, nilisimama mbele yao nikawaambia wakachimbe huko. Haya, nimeshasema. Tuendelee na makosa ya wenzangu.

Mradi ulikuja na jina zuri: Ua Tiba. Ulikuja na gari jeupe, fulana za kijani, na kijana mmoja anaitwa Rogers, mwenye adabu zake, aliyetupa shikamoo wazee wote mmoja mmoja mpaka akarudia wawili. Rogers alisoma Mzumbe, usimamizi wa miradi. Udongo aliusoma kwenye semina ya siku tatu, na cheti chake alitembea nacho.

Maua yenyewe hayakuwa mageni kwetu. Ni kalendula, yale ya rangi ya chungwa, nasi tunayaita maua ya marhamu. Mbegu alituletea Mama Bhakti miaka sita kabla ya mradi. Jina lake ni Nalini. Ana duka la dawa za asili pale mjini Morogoro, aliloachiwa na mama mkwe wake. Anayakausha maua, anayaloweka kwenye mafuta, anatengeneza marhamu ya visigino vilivyopasuka na vipele vya watoto. Kila Alhamisi ya pili anapanda na pikapu yake mpaka Kinole kuyachukua. Kwa hiyo mradi ulikuja kutufundisha kulima kitu ambacho tulikuwa tumeshakilima misimu sita, tukakiuza, na wengine tukaezekea mabati kwa pesa zake.

Hilo halikunishangaza. Mimi nina kumbukumbu ndefu. Mwaka hamsini na tano nilikuwa mgongoni mwa mama. Mwingereza alitaka Uluguru nzima ikatwe matuta ya ngazi, kila mtu, kwa lazima. Mama alikuwa akinisimulia: jembe lilileta juu udongo mwekundu wa chini, uliokufa, na ule mweusi wa juu ukafukiwa. Wakapanda mahindi, wakavuna mabua. Mwishowe watu walikataa, na waliokataa walijibiwa kwa risasi. Sikusoma haya shuleni, maana shule niliishia darasa la nne. Mengine nimeyasoma kwenye magazeti yaliyofungiwa vitumbua nilipokuwa nakata miwa Turiani. Lakini matuta yale bado yapo. Twende nikakuonyeshe.

Basi Rogers akasimama mbele ya shule, ambako ndiko barabara ya gari inakoishia, akasema: "Wazee wangu, mama zangu, kabla hatujaleta kirutubisho cha udongo, lazima tupime. Hatubahatishi. Tunahitaji sampuli. Kila mkulima atuletee nusu kilo ya udongo wa shamba lake, kwenye mfuko safi, na jina lake juu."

"Si uje uchimbe mwenyewe, baba?" akauliza Semeni. "Mashamba yako hapo juu tu."

Rogers akaangalia hapo juu. Hapo juu, kwa sisi, ni saa moja ya kupanda, na mahali pengine unashika mizizi. Akaangalia viatu vyake.

"Mradi wetu ni shirikishi, mama," akasema.

Alipoondoka, nikaomba neno. Nilisema hivi, na bado nayakumbuka maneno yangu yote, kwa bahati mbaya. "Ndugu zangu, lini mmeona mwenye afya akapewa dawa? Mwaka ule wa njaa, wa unga wa njano wa msaada, nani alipewa unga? Aliyefagia ghala akawaonyesha wagawaji panya wamekufa kwa njaa! Kina fulani walioacha debe moja la mahindi ndani, waliambiwa nyinyi mnajiweza. Leo anakuja mtu na magunia ya kirutubisho, nanyi mnataka kumpelekea udongo mzuri? Mpelekeeni ulio mbaya kuliko yote. Mpelekeeni udongo wa kuliza watu."

Walipiga makofi. Ubishi ulikuwa ni wapi kuna udongo mbaya kuliko wote, na ulichukua muda kidogo, maana kila mtu aliutetea wake. Mwishowe tukakubaliana: nyuma ya choo cha shule, pale mlima ulipoporomoka mwaka wa mvua kubwa. Hata magugu hayajarudi. Tukapanga mstari na majembe, wanawake kwa wanaume, tukajaza mifuko ya sembe. Mwalimu alichungulia dirishani akauliza tunazika nini.

Semeni naye alichimba. Alisita, lakini mimi nilimwambia, "Mjukuu wangu, usijitenge na wenzako," naye akainama akachimba.

Sasa niwaeleze habari za Semeni, maana jambo lote hili ni la kwake. Shamba lake liko kwenye bega la mlima, kipande ambacho ukipiga kelele upande huu unasikika upande wa pili. Amelirithi kwa bibi yake mzaa mama, Bi Mwanvita, Mungu amrehemu. Kwetu Waluguru ardhi inapita kwa mama. Ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande huo, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Mjomba wa Semeni ni Anselmi. Anselmi ni Mkatoliki na Semeni ni Mwislamu, lakini kwetu dini haijawahi kugombanisha ndugu. Kazi hiyo tumeiachia ardhi. Anselmi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha maua, tena ni mjumbe wa kamati ya maji, tena ni chochote kile ambacho kina kiti cha mbele.

Anselmi ana binti mmoja, Rahel. Kwa mila zetu Rahel ni wa ukoo wa mama yake, si wa baba yake, kwa hiyo hawezi kupata shamba la ukoo wa Anselmi hata alie damu. Jambo hilo limemnyima baba yake usingizi miaka ishirini. Mradi ulipoleta fomu, Anselmi alisoma kifungu kimoja tu, kile cha saba: mkulima asiyefuata ushauri wa kitaalamu atatolewa, na nafasi yake atapewa mwingine. Akasimama kwenye kikundi, akakohoa, akaongeza cha kwake: "Na atakayetolewa na mradi, shamba lake linarudi mikononi mwa ukoo. Ukoo utampa anayefaa." Sote tulijua anayefaa anaitwa nani. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilikuwa nimekwenda msibani Matombo.

Majibu yalirudi baada ya wiki tano. Kila mtu na karatasi yake, ina mhuri, ina jina lake limeandikwa kwa mashine. Udongo una tindikali ya kutisha. Udongo hauna uhai. Udongo, karatasi ilisema, uko katika hali mahututi. Dawa yake: magunia manne ya chokaa kwa kila shamba, yachanganywe na udongo kabla ya kupanda.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Watu hawa walichimba udongo huo kwa mikono yao nyuma ya choo. Walicheka wakichimba. Lakini walipopewa karatasi, nikawaona nyuso zinabadilika. Rehema, jirani yangu, mwanamke mwenye akili na ulimi, alisoma karatasi yake mara mbili, akaniambia kwa huzuni, "Mzee Pinga, kumbe shamba langu linaumwa kiasi hiki, na mimi nalima tu."

"Rehema. Udongo ule ni wa nyuma ya choo."

"Najua. Lakini mbona wameandika jina langu?"

Chokaa ikaja. Watu wakabeba magunia vichwani, saa nzima ya kupanda, wakamwaga kwenye mashamba ambayo mama zao na bibi zao waliyalisha majivu na samadi tangu kabla ya uhuru. Rogers alitaka picha. Kila mtu alipigwa picha anamwaga, mweupe mpaka kope, anatabasamu. Nami nilimwaga, ndiyo. Ningekataa ningeonekana najua kitu.

Semeni hakumwaga. Alipigwa picha na gunia lililofunguliwa, akatabasamu kama wengine, akalifunga tena. Nilimkuta siku ya tatu anakoroga chokaa na uji wa muhogo kwenye beseni.

"Unafanya nini?"

"Napaka choo, Babu."

"Chokaa ya mradi?"

"Sikiliza. Bibi yangu alimwaga majivu kwenye shamba lile miaka arobaini, kidogo kidogo, kiganja kwa kiganja. Majivu na chokaa kazi yao moja. Wewe mtu ameshakunywa dawa akapona, unamrudishia chupa nzima ya nini? Lakini choo changu kweli kilikuwa kibaya."

Bi Mwanvita, kwa wasiomjua, alikuwa na sheria yake. Ukienda kumwomba mche, mbegu, au moto wa kuwashia, usiende mikono mitupu. Uende na tenga la samadi ya mbuzi na kopo la majivu. Hakuna aliyekasirika. Samadi aliifunika kwa majani ya mgomba, ikae masika nzima, mpaka ukiishika hainuki tena. Ndipo anaigawia miche, na hazidishi. Alisema ukizidisha, mmea unanenepa majani na kusahau maua. Shamba lile lilijengwa na kila mtu aliyewahi kuhitaji kitu kwenye mlima huu. Ukichota udongo wake mkononi ni mweusi, unamong'onyoka kama ubwabwa uliolala.

Wiki ya saba baada ya kupanda, maua yetu yakaanza kugeuka. Majani yakawa ya njano, mishipa peke yake ikabaki ya kijani, kama mkono wa mzee. Vitumba vikatoka vidogo kama vifungo vya shati. Siku ya Alhamisi Mama Bhakti alishuka kwenye pikapu pale Kinole, akafungua tenga la kwanza, akachukua ua, akalisugua kati ya vidole viwili. Huwa anafanya hivyo. Ua zuri la kalendula lina ulimbo, linanata vidoleni. Ulimbo ule ndio dawa yenyewe.

Akasugua. Akanusa vidole. Akachukua jingine.

"Hili nini?" akauliza.

"Maua, Mama Bhakti."

"Maua naona. Dawa iko wapi?" Akapita tenga hadi tenga. "Hakuna. Hakuna. Hili kavu kama stakabadhi. Rehema, wewe mwaka jana maua yako yalininata mpaka usukani nikashindwa kuuachia. Mmeyafanya nini maua yangu?"

"Tumefuata utaalamu," akasema Anselmi.

"Utaalamu wa nani huo wa kuua mmea wa watu?"

Akafika kwa Semeni. Akasugua ua moja, vidole vikagandana. Akavitenganisha polepole, akavigandisha tena, akacheka. Akachukua matenga matatu ya Semeni, yetu akayaacha pale sokoni, mbele ya wauza ndizi na wauza mdalasini. Tukayabeba kurudi nayo. Kubeba mzigo kupanda ni kazi ya kawaida kwetu, lakini kubeba mzigo uliokataliwa, shingo inajua.

Njiani Anselmi alisimama kupumua, akainua macho. Kule juu, katikati ya migomba, choo cha Semeni kilikuwa kinang'aa kama msikiti wa Idi. Akakitazama sana. Nikamwona anahesabu magunia kichwani.

Jumatatu Rogers akaitwa. Akaja na uso wa mtu ambaye hajalala, tukakutana pale pale mbele ya shule. Anselmi alikuwa amebeba fomu, kidole kimeshaingia kwenye kifungu cha saba.

"Bwana Rogers, tuna mkulima amekaidi. Chokaa ya mradi, mali ya wafadhili, ameipaka chooni. Ushahidi ule pale, hata ukisimama Morogoro mjini unauona. Kifungu kinasema atolewe. Akitolewa, shamba linarudi kwa ukoo. Mimi sina la kuongeza."

"Mjomba, shikamoo," akasema Semeni.

"Marahaba. Hilo halibadilishi kitu."

"Sijasema libadilishe. Bwana Rogers, nami nakusalimu. Naomba nikuulize. Maua ya nani Mama Bhakti ameyachukua?"

Rogers akapangusa paji la uso. "Ya kwako, mama. Nimesikia. Lakini utaratibu... udongo wenu ulipimwa. Vipimo havidanganyi."

"Havidanganyi kabisa," akasema Semeni. "Vimesema kweli tupu. Huo udongo mliopima unatoka pale." Akanyoosha mkono kuelekea choo cha shule. "Pale nyuma. Shimo unaliona? Tulichimba wote arobaini na mmoja. Mjomba alichimba kifuko cha kwanza, kwa kuwa ni mwenyekiti."

Vichwa vyote vikageuka, kama mashuke ya mtama upepo ukibadilika, vikaniangalia mimi. Nikasimama. Nikamweleza Rogers yote, na unga wa njano nikaueleza, na panya. Aliniacha nimalize. Kisha akaketi kwenye boneti ya gari.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "mimi nimeandika ripoti. Ripoti imekwenda. Imeandikwa kwamba Uluguru nzima udongo uko mahututi. Imetafsiriwa kwa lugha tatu."

"Pole, mwanangu."

"Kuna picha ya lile shimo kwenye jalada. Ofisini waliona linapendeza."

Nilimhurumia, lakini si kwa muda mrefu, maana alipoinuka alikuwa ameshapata ufumbuzi, nao ulikuwa ule ule. "Tutapima upya. Safari hii kwa uaminifu. Kila mkulima alete nusu kilo ya udongo wa shamba lake. Wenye udongo mzuri watabaki kwenye mradi daraja la kwanza. Wenye udongo mbaya, nasikitika, tutawaondoa."

"Na wewe utapanda kuchimba?" nikauliza.

"Mzee, mradi ni shirikishi."

Anselmi akakohoa. Mimi kikohozi cha Anselmi nakijua. Kina kifungu ndani. "Naafiki. Na kwa upande wa ukoo, nasema hivi mbele ya wote. Semeni anadai shamba lake ni zuri kuliko ya wenzake, ndiyo maana akakaidi. Sawa. Karatasi ikija na kuonyesha udongo wake umezidi wa wenzake, alime. Karatasi ikionyesha wako sawa, basi alikuwa mkaidi tu kama wakaidi wengine, na shamba linarudi."

Semeni akamtazama mjomba wake, akatazama mlima. "Haya," akasema.

Asubuhi iliyofuata nilipanda shambani kwake mapema, jua likiwa bado upande wa pili. Nilikwenda kumlinda. Nilijua kitakachotokea, nimekwambia nina kumbukumbu. Mtu aliyefundishwa kwamba udongo mbaya unalipa, siku akiambiwa udongo mzuri ndio unaolipa, unadhani atakwenda kuchimba wapi?

Nilimkuta Semeni ameketi ukingoni, jembe liko magotini. Na Rehema alikuwa ameshafika, amesimama kwenye njia na kifuko cha sembe kimekunjwa kwapani.

"Umeamkaje, mwenzangu?" Rehema akauliza.

"Salama. Hicho cha nini?"

"Hiki? Aa. Nimepita tu kukusalimia."

"Unanisalimia na jembe?"

Rehema akacheka, akaacha kucheka. "Dada, nikuambie ukweli. La kwangu limejaa chokaa mpaka nyoka wanapita wanapiga chafya. Nipeleke udongo ule nifukuzwe? Nusu kilo tu. Wewe unao mlima mzima."

Nyuma ya Rehema nikaona wengine wanapanda. Baraka wa kinu cha kusaga. Mwanaasha na mama yake. Mstari mzima unakunja kona, vifuko mikononi, kila mmoja anajifanya anapita tu, kwenye njia ambayo haiendi popote zaidi ya pale.

"Usiwape!" nikapaza sauti. "Semeni, ukiwapa, karatasi zitakuja sawa, na Anselmi atachukua shamba! Hayo ndiyo anayoyataka! Wape mgongo! Mwaka hamsini na tano..."

"Babu," akasema Semeni, "ushauri wako wa safari ile bado unaninukia. Keti."

Nikaketi.

Akasimama, akajishika kiuno. "Jamani, karibuni. Mnanijua, na bibi yangu mlimjua. Nusu kilo mtapata, kila mtu. Lakini sheria ya hapa hamjaisahau. Tenga la samadi ya mbuzi, kopo la majivu. Ukimwaga pale kwenye jalala langu, unachota hapa. Asiye na mbuzi akaombe kwa mwenye nao."

"Semeni, tenga zima?" akalia Baraka. "Kwa nusu kilo?"

"Kachimbe nyuma ya choo, kule ni bure."

Wakageuka, wakashuka, na kabla ya adhuhuri mlima wote ulikuwa unanuka mbuzi. Sijawahi kuona watu wanakimbilia samadi namna ile. Zizi la Mwanaasha lilikwanguliwa mpaka mbuzi wenyewe wakatazamana. Akina mama walikuwa wanagombea majivu ya mama lishe wa Kinole. Jalala la Semeni lilipanda mpaka magotini, likapanda mpaka kiunoni, naye yupo pale anachota nusu kilo nusu kilo, si mahali pamoja, anachota hapa kiganja, pale kiganja, ili shamba lisijue limeguswa.

Alasiri akaja Anselmi. Alikuja na Rahel, amembebesha kifuko. Watu kama thelathini walikuwa bado pale, wamepumzika kwenye majani.

"Semeni," akasema bila kumtazama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sasa. Mimi ni mwenyekiti. Haipendezi mwenyekiti aondolewe kwenye mradi. Kikundi kitayumba."

"Kweli kabisa."

"Samadi sina. Mbuzi niliuza wakati wa msiba."

"Mjomba, samadi sikudai. Wewe ni msemaji wa ukoo, utatoa neno. Udongo unaoomba ni wa shamba la nani?"

Anselmi akaangalia watu. Watu wakaangalia Anselmi. Nami niliona mtego jinsi ulivyo mzuri: mtu hawezi kushika kifuko cha udongo mkononi na wakati huo huo kusema haujazidi wa kwake. Na bila kifuko hicho, kiti cha mbele kinaondoka.

"Ni la..." akasema kwa sauti ya chini. "Ni la Mwanvita. Na sasa la Semeni."

"Huku nyuma hatujasikia, mwenyekiti!" Rehema akapiga kelele.

"La Mwanvita!" akafoka. "La Semeni, na la watakaozaliwa kwa Semeni! Mmeridhika?"

"Na karatasi ikija sawa?" nikauliza mimi, maana mtu lazima aulize.

"Ikija sawa ni sawa! Shamba ni lake!"

Hapo Rahel akatua kifuko chini. "Baba, ndiyo maana umenipandisha huku? Mimi nani alikuambia nataka kulima? Nina saluni Kinole. Nina wateja wananisubiri na nywele nusu." Akamgeukia Semeni. "Dada, jaza kifuko cha mzee, nimrudishe. Na ukija, nitakusuka bure."

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Anselmi alicheka mwisho, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Karatasi zilirudi baada ya mwezi. Arobaini, maana mimi sikupeleka kifuko, zote na mhuri, zote sawa sawa. Udongo wa kitongoji hiki, zilisema, ni wa ajabu. Ni bora kuliko wowote uliowahi kupimwa na mradi. Ndani ya miezi michache ardhi mahututi imefufuka. Kwa hiyo wakulima hawa hawahitaji tena msaada, na mradi unahamia kwa wahitaji. Daraja la kwanza lote tukaondolewa siku moja, na fulana tukaachiwa.

Watu walikasirika sana. Walinifuata mimi. Rehema akasema, "Mzee Pinga, wewe mwenye kumbukumbu, mbona hukukumbuka kwamba mwenye afya hapewi dawa?" Maneno yalikuwa yangu.

Rogers alipandishwa cheo. Kabla hajahama alitaka maandishi makubwa yanayoonekana kutoka barabarani, ya kuonyesha kazi iliyofanyika. Akamtuma fundi wa rangi apande atafute ukuta mweupe ulio laini. Fundi alitafuta kitongoji kizima, akaupata mmoja tu. Mpaka leo ukisimama pale shuleni ukiinua macho unasoma, kwa herufi za kijani, kwenye choo cha Semeni: UA TIBA. TUMEREJESHA UHAI WA UDONGO.

Mashamba yetu yatachukua miaka kupona chokaa ile. Tunachimbia majani ya mgomba, tunachimbia samadi, tunasubiri mvua zishushe. Kwa sasa Mama Bhakti anachukua maua ya Semeni, na Semeni ametugawia miche, kwa sheria ile ile.

Juzi nilimkuta anapindua jalala lake, limeiva, halinuki tena.

"Babu," akasema, "tenga lako bado halijafika."

"Mimi siku ile sikuchukua udongo. Uliniambia niketi."

"Ulituchimbisha ule wa kwanza."

Basi nikashuka kwa Mwanaasha, nikaomba samadi, nikajitwisha. Nina miaka sabini na moja. Katikati ya mlima nikachoka, nikatua tenga, nikaegemea ukuta pale chini ya maandishi ya kijani. Nilipoondoka mgongo wa shati langu ulikuwa mweupe wote, na Rehema aliyekuwa anateremka akaniuliza kama na mimi nimetibiwa.